Mashine ya kukatia stairofomu kwa waya wa moto: herufi za pembeni kali, za katikati zimeviringika kona

MpambajiIgoma

Habari za kazi wakuu. Niko Mwanza, napamba kumbi: harusi, sendofu, kipaimara, mahafali. Herufi kubwa za jukwaani nazikata mwenyewe kwa stairofomu, na nyingine nawauzia wapambaji wenzangu wa Geita na Shinyanga. Siku zote nimekata kwa mkono, kwa upinde wa waya wa moto wenye urefu wa sm 40 na pawa saplai ya kompyuta ya zamani, volti 12. Sasa mimi na mdogo wangu aliyesomea umeme VETA tumeunda mashine inayoongozwa na kompyuta. Inatembea vizuri, inafuata mchoro, ila kinachotoka bado siwezi kumpa mteja.

Naeleza ilivyo ili mwenye kujua asihangaike kuuliza. Fremu ni bomba za mraba za inchi moja, nguzo mbili, na kila nguzo ina mwendo wa mbele na nyuma na wa juu na chini. Mota ni stepa za NEMA 17 (zinazozunguka hatua kwa hatua), ziko nne, skrubu ni T8 zinazosogea mm 8 kwa mzunguko mmoja. Bodi ni Arduino Mega na RAMPS 1.4, draiva (vibodi vidogo vinavyoendesha mota) ni A4988, ndani kuna GRBL, programu inayosoma amri za mwendo na kuziendesha mota, iliyorekebishwa kwa mihimili minne, yaani mielekeo minne ya mwendo. Waya ni naikromu ya mm 0.4, kutoka nguzo hadi nguzo mita 1.2. Tumeuweka mrefu hivyo kwa sababu nasimamisha bodi kumi za sm 10 zikiwa zimebanana, waya unapita zote kwa pamoja, natoa E kumi kwa mkupuo. Umeme wa waya ni ile ile saplai ya volti 12. Kasi tunaandika F240 (F ni amri ya kasi).

Matatizo yenyewe: E ya kwanza na ya kumi zina kona safi kabisa, unaweza kuweka rula. Ya tano na ya sita kona zimeviringika na herufi imekonda. Ukisimama juu ya mashine unaona waya umejikunja kama upinde, ncha zinatangulia, katikati inavutwa nyuma. Tukipunguza kasi hadi F120 kona zinapona kidogo lakini njia ya waya inapanuka na uso unakuwa na vishimo. Pili, waya tumeufunga kwa skrubu pande zote mbili, ukiwa baridi umekaza hadi unalia, ukipata moto unaning'inia. Tatu, mashine ikitulia kidogo, kibebeo cha nguzo moja kinateremka chenyewe na kazi inayofuata inaanza waya ukiwa umelala upande.

Mdogo wangu anasema tununue waya mwembamba zaidi ili upate moto. Kabla sijatoa hela naomba ushauri.

---

Fundi_Chumbageni

Dada, salamu kutoka Tanga, na hongera. Umeleta vipimo vyote, kwa hiyo twende kwa hesabu.

Waya wako hauna moto wa kutosha, na sababu iko kwenye urefu. Naikromu ya mm 0.4, ile ya nikeli 80 kwa kromiamu 20, ina ukinzani wa omu 8.7 hivi kwa mita. Upinde wako wa mkono wa sm 40 ni omu 3.5. Kwa volti 12 ulikuwa unapata ampea 3.4, yaani wati 41 kwenye sm 40, karibu wati moja kwa kila sentimita. Njoo kwenye mashine: mita 1.2 ni omu 10.4, ampea zinashuka hadi 1.15, wati 14 tu, na hizo zinagawanywa kwenye sentimita 120. Urefu umeongezeka mara tatu, lakini moto kwa kila sentimita umepungua mara tisa. Saplai ni ile ile, waya ni ule ule, kazi ni tofauti kabisa.

Waya wa namna hiyo hauyeyushi povu lililo mbele yake, unalisukuma. Ncha zinavutwa na nguzo kwa hiyo hazina budi kwenda. Katikati hakuna kinachoivuta isipokuwa waya wenyewe, inabaki nyuma. Mashine inapofika kwenye kona na kugeuka, katikati haijafika bado, inakata njia ya mkato. Ndiyo maana E ya tano na ya sita zinaumia na za pembeni zimepona. Waya uliopimwa vizuri unayeyusha povu kabla haujaligusa, unapita kwenye nafasi yake ukiwa umenyooka.

Mwambie mdogo wako asinunue waya mwembamba. Kwa volti zile zile waya mwembamba una ukinzani mkubwa, unapitisha ampea chache, na jumla ya wati inashuka. Tafuta saplai ya volti 24, zile za chuma zenye matundu zinazotumika kwenye taa za mabango. Ya ampea 5 inakutosha na inabaki. Kwa volti 24 utapata ampea 2.3 na wati 55. Katikati weka kidhibiti cha PWM cha umeme wa DC (kinawasha na kuzima umeme haraka haraka ili kupunguza nguvu) chenye kinobu cha kuzungusha, anzia robo tatu, kisha panda taratibu. Kipimo cha macho: zima taa uangalie waya ukiwa hewani. Ukianza kuwa mwekundu umezidi, shusha.

Hapa nasema kwa nguvu kwa wote wanaosoma. Kuna watu wanachukua dima ya taa au ya feni, wanaiunga kwenye umeme wa ukutani, kisha moja kwa moja kwenye waya. Huo waya uko wazi, urefu wa mita nzima, na mikono yenu iko hapo. Dima inapunguza joto, haipunguzi hatari ya kufa. Lazima katikati kuwe na saplai au transfoma inayotenganisha kabisa na umeme wa ukutani.

Kulegea kwa waya: naikromu ikipanda joto kwa nyuzi 300 hivi inarefuka, na kwenye mita 1.2 hiyo ni karibu mm 5. Unaweza kudhani mm 5 ni kidogo. Waya uliofungwa pande zote mbili ukirefuka mm 5, katikati unashuka sm 4 na zaidi. Toa skrubu ya upande mmoja uweke springi ndefu na laini, ivutwe kiasi cha sm 5 hadi 8 ukiwa baridi, ili hata waya ukirefuka nguvu ya springi isibadilike sana. Springi fupi na ngumu haisaidii. Halafu umeme usipite kwenye springi. Ukipita, springi nayo inapata moto na kulegea moja kwa moja. Funga kebo laini kutoka kwenye saplai hadi kwenye waya wenyewe, baada ya springi. Na usijaribu kulehemu naikromu kwa risasi, haishiki vizuri na joto litaiyeyusha. Tumia kiungio cha shaba chenye skrubu, vile vya ndani ya soketi.

Kibebeo kuteremka: skrubu ya T8 inayosogea mm 8 kwa mzunguko ina mlalo mkali, uzito ukiikalia inazunguka yenyewe. Kinachoizuia ni mota ikiwa na umeme, na GRBL ikitoka kiwandani inakata umeme wa mota mara tu mwendo unapokwisha. Kwenye mpangilio wa GRBL andika $1=255, mota zitabaki zimeshika muda wote. Zitapata joto kidogo, ni kawaida. Ukizima mashine kabisa bado kitashuka. Kama hilo linakukera, weka kwenye mihimili ya wima skrubu ya T8 inayosogea mm 2 tu, hiyo haishuki. Kwa A4988 yenye jampa zote tatu (vile viunganishi vidogo vya kuchomeka chini ya draiva), hatua ni 3200 kwa mzunguko, kwa hiyo skrubu ya mm 8 ni hatua 400 kwa milimita na ya mm 2 ni 1600. Usisahau kubadili namba hiyo kwenye mpangilio.

La mwisho linawapita wengi. Hiyo F240 siyo mm 240 kwa dakika kwenye povu. GRBL ya mihimili minne inachukua mwendo wa mihimili yote, inajumlisha miraba yake na kutoa mzizi, hiyo ndiyo F. Nguzo zako mbili zikienda sambamba, kila moja inapata F uliyoandika ukigawa kwa 1.414. Kwa hiyo waya wako ulikuwa unakwenda mm 170 kwa dakika, na bado ulikuwa unajikunja. Uone jinsi ulivyokuwa na njaa ya moto. Ukitaka mm 240 za kweli, andika F340.

---

NdegeZaPovu

Fundi amesema yote ya umeme, mimi niongeze ya kupima. Niko Nairobi, nakata mabawa ya ndege ndogo za rimoti, na bawa halisamehe: likitoka na nusu milimita ya ziada upande mmoja ndege inapinda angani.

Dada yangu, ukishaweka volti 24 usirudi kwenye E moja kwa moja. Kata mstari ulionyooka, mlalo, uingie mwanzo wa bodi hadi utokee mwisho. Simama mahali waya unapotokea. Ncha zikishachungulia nje, simamisha mashine uzime moto, kisha pima katikati imebaki nyuma kiasi gani. Mimi nataka isizidi mm 2 kwenye mita nzima. Ikizidi, ongeza moto kidogo au punguza kasi kidogo. Badilisha kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichokusaidia.

Baada ya hapo pima njia ya waya. Kata mraba ambao kwenye mchoro ni mm 100 kwa 100, toa kipande, kipime kwa kalipa bila kukiminya, maana povu linabonyea na kukudanganya. Kikitoka mm 98.2, njia ya waya ni mm 1.8, na mchoro wako unatakiwa usogezwe nje mm 0.9 kila upande. Inkscape, programu ya kuchorea, inaweza kufanya hivyo kwa kupanua umbo, na programu za mabawa kama Jedicut zina sehemu ya kuandika upana huo. Pima kipande cha mwisho wa bodi na cha katikati, vyote viwili. Kwa kawaida karibu na uso wa nje wa povu njia ni pana zaidi, kwa sababu waya ulio nje hauna kinachoupoza.

Upana huo ni wa kasi ile na moto ule tu. Waya ukienda polepole unakaa mahali pamoja muda mrefu, unayeyusha pana. Kwenye bawa linalopungua upana hili ndilo linaloumiza kichwa: shina likiwa mm 250 na ncha mm 150, nguzo ya upande wa ncha inatembea kwa asilimia 60 ya kasi ya mwenzake, na ncha inaliwa zaidi. Kwa herufi hulioni hilo kwani nguzo zote zinakwenda sawa. Shukuru.

Kona za nje za E zina ujanja wake. Usigeuke kwenye kona. Pitiliza mm 5 hadi 8 ndani ya povu la kutupwa, zunguka kidogo huko huko, rudi uingie kwenye mstari mpya ukiwa umeshanyooka. Kitanzi kinabaki kwenye taka, kona inatoka kali. Kona za ndani, zile za kati ya vidole vya E, huwezi kufanya hivyo. Hapo weka kituo kifupi sana, G4 P0.2, yaani sekunde 0.2, waya upate kufika. Ukiweka sekunde nzima utachimba tundu.

Kitu kingine, angalia povu lenyewe. Lile la kwenye maboksi ya friji na televisheni limeumbwa kwenye kalibu, ngozi yake ni ngumu kuliko ndani, na punje hazilingani. Kata ngozi uitupe, au tumia bodi zilizochanwa kutoka bloku kubwa, zile za ujenzi. Vipimo ulivyochukua kwenye bodi ya uzito mmoja usivihamishie kwenye nyingine bila kukata tena ule mraba.

---

Karakana_Ubungo

Wakuu nami nina ya kwangu, hali inafanana. Draiva moja ya A4988 iliungua, dukani wakanipa ya zambarau ya DRV8825, nimeichomeka. Tangu hapo nguzo ya kulia inatembea nusu ya ile ya kushoto, waya unakaa mshazari. Nimebadilisha mota, hali ni ile ile.

---

Makochi_Temeke

Na mimi niulize, mashine hii inaweza kukata sponji la makochi? Nina oda ya mito yenye umbo la moyo.

---

Fundi_Chumbageni

Ubungo, mota yako nzima. Jampa tatu chini ya A4988 ni hatua za 1/16, lakini chini ya DRV8825 ni 1/32. Mota inahitaji hatua 6400 kwa mzunguko na wewe unaipa 3200, basi inakwenda nusu. Ama uongeze namba ya mhimili huo mara mbili kwenye mpangilio, ama uondoe jampa mbili irudi 1/16: toa ya M0 na ya M1, bakiza M2 peke yake. Ya pili naipenda zaidi, mihimili yote inabaki na namba moja.

Angalia na ampea zake, hesabu ni nyingine. Kwa A4988, volti unayopima kwenye kipotesheni (kile kiskrubu kidogo cha kurekebishia ampea) ni ampea mara 8 mara ukinzani wa vile vijipande vidogo vyeusi. Vikiandikwa R100, ampea moja ni volti 0.8, vikiandikwa R050 ni volti 0.4. Kwa DRV8825 ampea ni volti mara mbili, kwa hiyo ampea moja ni 0.5. Na unapoichomeka fuata pini iliyoandikwa EN, usifuate upande wa kipotesheni, maana kwenye aina hizi mbili kipotesheni hakikai upande mmoja. Ukiigeuza inaungua, na pengine inaondoka na bodi.

Ndugu wa makochi, hapana. Tafadhali sana. Sponji la makochi ni polyurethane. Likiunguzwa na waya linatoa moshi wenye isosayaneti na sianidi ya hidrojeni, na hiyo ni sumu inayoua. Plastiki za PVC nazo hapana, zinatoa gesi ya asidi. Waya wa moto ni wa stairofomu, hii nyeupe ya punje na ile ya rangi iliyoshikana zaidi. Na hata hiyo, fungua madirisha na weka feni inayovuta hewa nje, kwa sababu mvuke wa staireni unaumiza kichwa na macho. Feni isipulize kwenye waya, itaupoza upande mmoja na vipimo vyako vyote vitaharibika. Mito ya moyo kata kwa kisu cha umeme chenye bapa mbili za meno zinazopishana, mafundi wa sponji wanacho.

---

MpambajiIgoma

Nimerudi, na nina furaha kweli. Tumepata saplai ya volti 24 kwa fundi mabango hapa mjini, kidhibiti cha PWM tumeagiza Dar. Springi tumeitoa kwenye mlango wa wavu, ni ndefu na laini, kebo imepita pembeni yake kama fundi alivyoelekeza. $1=255, kibebeo hakishuki tena.

Mstari wa kwanza kwa robo tatu ya moto na F340: katikati ilibaki nyuma mm 6. Tukapandisha kinobu kidogo kidogo, kasi hatukuigusa. Sasa inabaki mm 2, wakati mwingine huwezi hata kuipima. Mraba wa mm 100 unatoka 98.3 pembeni na 98.5 katikati. Nimechukua mm 0.8 kila upande, kwa herufi ya sm 60 tofauti hiyo hakuna jicho la mgeni ukumbini litakaloiona. E kumi nimezipanga ukutani, nimechanganya mpangilio, nikamwita mdogo wangu aniambie ipi ilikuwa ya katikati. Hakuweza.

Kitanzi cha kona kimenipendeza kuliko vyote. Kona ile ukipitisha kidole inakwaruza.

Kilichobaki ni herufi zenye tundu: O, A, D, R. Nina oda ya majina ya maharusi, bwana ni Omari na bibi ni Rahma, yaani herufi sita kati ya kumi zina tundu. Kwa mkono nilikuwa nafungua waya, naupitisha kwenye tundu lililotobolewa, nafunga tena. Kwa mashine na springi yake hiyo ni kazi kubwa. Nyie mnafanyaje?

---

NdegeZaPovu

Hongera sana, na hiyo ya kuchanganya herufi ukutani ni kipimo kizuri kuliko kalipa.

Waya haufunguliwi. Ingia kwa mkato mmoja ulionyooka kutoka chini ya herufi, mahali itakaposimama juu ya meza, hadi ndani ya tundu. Kata tundu lote, toka kwa mkato ule ule, kisha ndipo uzunguke nje. Usianze na nje, kwa maana herufi ikishaachana na bodi inatikisika na tundu litakwenda upande. Kwenye A na R ingiza mkato kwa mguu mmoja, kwenye O na D uingize chini kabisa katikati.

Unapotoka kwenye mkato, povu halipo tena la kuyeyusha, waya unachemka bure na kupanua njia. Andika kasi ya kutoka mara mbili ya ile ya kuingia. Mkato utabaki na upana wa kama mm 2. Usiubane ukaziba, O itapinda. Chana ukanda wa povu wa mm 2 kwa mashine hiyo hiyo, upake gundi nyeupe ya mbao pande zote, uuchomeke, acha ukauke usiku mzima, kisha pitisha msasa laini. Gundi za viatu zenye petroli usizisogeze karibu, zinakula stairofomu papo hapo, na rangi za kupuliza vivyo hivyo. Rangi ya maji kwanza, mikono miwili, ndipo uweke dhahabu unayotaka.